Ngome mbili za Hispania: ipi ni ya Waislamu, ipi ni ya Wakristo?

*"Ninafundisha historia katika shule ya sekondari Mombasa. Kaka yangu anafanya kazi Madrid, na majuzi alinitumia picha za ngome mbili alizozitembelea. Ya kwanza, Coca, ni ya matofali, imejaa nakshi za mistari na pembe kama tunazoziona misikitini. Ya pili, Gormaz, ni ukuta mrefu wa mawe juu ya kilima, mkavu, hauna pambo lolote. Niliwaonyesha wanafunzi, wote wakasema Coca ilijengwa na Waarabu na Gormaz na Wazungu. Nami nikawaunga mkono. Jioni kaka akanipigia simu akacheka sana: ni kinyume chake. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nitarudije darasani? Pia wanauliza kama watu wa ngome hizo walikuwa wakiwamwagia maadui mafuta ya moto."*

Kaka yako amesema kweli, Mwalimu, ila usifute ubao bado. Wewe na wanafunzi wako hamkukosea kuona. Nakshi mliyoiona Coca ni ya kweli na ina asili ya Kiislamu, na Gormaz kweli haina pambo. Mlipoteleza ni pale mlipochukua sura ya ukuta mkamtaja mwenye ukuta. Coca iliagizwa na askofu mkuu wa Kanisa Katoliki katika karne ya 15. Ule ukuta mkavu wa Gormaz uliinuliwa kwa amri ya khalifa wa Kiislamu wa Córdoba, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 965, karibu miaka mia tano kabla ya Coca.

Kuna maneno mawili yaliyowapoteza hata kabla ya picha, nayo ni "Waarabu" na "Wazungu". Jeshi la Waislamu lililovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini kuingia Hispania mwaka 711 likiongozwa na Tariq ibn Ziyad lilikuwa na Waberiberi, wenyeji wa Afrika Kaskazini, wengi kuliko Waarabu. Karne mbili na nusu baadaye, Gormaz ilipojengwa, Waislamu wengi wa Andalusi, yaani sehemu ya Hispania iliyotawaliwa na Waislamu, walikuwa wenyeji waliosilimu, watu ambao babu zao walikuwa Wakristo wa nchi hiyohiyo. Hata jemadari aliyeisimamia Gormaz, Ghalib, hakuwa Mwarabu. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu, akapanda cheo hadi akawa mkuu wa majeshi ya mpakani. Darasani sema "watu wa Andalusi" na "watu wa Castilla", nchi ya Kikristo ya kaskazini, nusu ya mkanganyiko itaondoka yenyewe.

Sasa tuitazame Gormaz, maana hiyo ndiyo inayodanganya zaidi kwa ukimya wake.

Ngome hii ipo mkoa wa Soria, juu ya kilima kilicholala kama dau lililopinduliwa ufukweni: kirefu, chembamba, mbavu zake zimeinama pande zote. Chini yake kuna bonde la mto Duero, ambao wakati huo ulikuwa mpaka kati ya ukhalifa wa Córdoba na falme ndogo za kaskazini. Ukuta unafuata ukingo wa kilima kwa zaidi ya kilomita moja ukiuzunguka wote, na kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 400. Ndani yake ungeweza kupanga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu na bado ukabaki na nafasi ya watazamaji, ingawa upana ungekubana.

Ukubwa huo unatuambia kazi yake. Ngome ya bwana mmoja na familia yake haihitaji mita 400. Gormaz ilikuwa kambi. Makao makuu ya mpaka wa kati yalikuwa Medinaceli, mji ulioimarishwa upya mwaka 946, na majeshi yaliyotoka kusini kwenda kushambulia kaskazini yalihitaji pahali pa kulala, kunywesha farasi na kuhifadhi nafaka karibu na adui. Ndiyo maana upande wa magharibi wa ngome ni uwanja mtupu wenye bwawa la maji, na upande wa mashariki, uliotengwa kwa ukuta, ni makao ya mkuu wa ngome yenye birika lake. Maji ya askari na maji ya mkubwa hayakuchanganywa.

Mbona basi haina nakshi? Kwa sababu ni jengo la vita lililojengwa kwa haraka, mbali na mji mkuu, na nakshi za Córdoba zilikuwa za misikiti na kasri. Lakini fundi mwashi akiitazama kwa karibu ataona saini ya wenyewe. Mawe yamepangwa kwa namna waashi wa ukhalifa walivyopenda: jiwe moja linalazwa kwa urefu wake, linalofuata linaingizwa ukutani kwa kichwa, wakati mwingine mawili au matatu ya kichwa mfululizo. Jiwe la kichwa hushika kiini cha ukuta kama msumari. Minara nayo ni midogo, ya pembe nne, imetokeza kidogo tu nje ya ukuta, na iko zaidi ya ishirini. Mwenye jicho la kazi hiyo hahitaji nakshi.

Kuna sehemu moja tu ambapo mjenzi alijiachia: lango kuu la upande wa kusini. Ni tao kubwa la umbo la kwato ya farasi, lile linalojikunja kuelekea ndani chini badala ya kushuka wima. Limekaa juu ya mteremko mkali, tena lina ukubwa usiohitajika kwa kupitisha watu. Mimi ninavyoliona, lango lile halikuwekwa kwa ajili ya waingiao. Liliwekwa kwa ajili ya walio bondeni, wainue macho wajue Córdoba imefika hadi hapa.

Hapa nikuonye kuhusu kosa jingine ambalo huenda likafuata. Ukishawaambia wanafunzi kuwa tao la kwato ndilo alama, wataanza kuita kila tao la aina hiyo la Waislamu. Sivyo. Wavisigothi, Wakristo waliotawala Hispania kabla ya 711, walikuwa tayari wanalijenga. Kanisa dogo la San Juan de Baños, mkoa wa Palencia, lina matao ya namna hiyo, na jiwe la maandishi ndani yake linalihusisha na mfalme Recesvinto mwaka 661. Waislamu walilikuta tao nchini, wakalipenda, wakalikunja zaidi na kulifanya lao. Tao peke yake halikupi jibu. Tao pamoja na mpangilio wa mawe, aina ya minara na maandishi ya wanahistoria wa zama hizo, hapo unaanza kuwa na jibu.

Na wakaaji? Mwaka 975 majeshi ya Wakristo wa León, Castilla na Pamplona yaliungana kuizingira Gormaz, Ghalib akaja akayavunja. Miaka sita tu baadaye, Ghalib huyohuyo aligombana na mkwewe Almanzor, mtawala halisi wa Córdoba aliyemwoa bintiye, akaingia vitani dhidi yake akiwa na askari Wakristo upande wake, akafia vitani mwaka 981. Mjenzi wa ngome iliyowazuia Wakristo alikufa akiwa pamoja nao. Mwaka 1060 mfalme Fernando wa Kwanza wa León na Castilla aliichukua Gormaz moja kwa moja, na mwaka 1087 mwanawe Alfonso wa Sita akamkabidhi Rodrigo Díaz, shujaa wa vita wa Castilla anayejulikana kama El Cid. Tangu hapo ni Wakristo waliolala ndani yake, wakarekebisha makao ya mashariki, na baadhi ya kuta unazoziona upande huo ni zao. Kwa hiyo hata Gormaz si ya "Waislamu" kwa asilimia mia.

Twende Coca sasa, mkoa wa Segovia. Hapa hakuna kilima. Ni nchi tambarare ya misonobari, mito miwili inakutana, na udongo wa mfinyanzi ni tele. Mwaka 1453 mfalme Juan wa Pili wa Castilla aliipa familia ya Fonseca ruhusa ya kujenga. Mkubwa wa familia hiyo, Alonso de Fonseca, alikuwa askofu mkuu wa Sevilla, mtu wa siasa kuliko wa madhabahu, na alifariki hapohapo Coca mwaka 1473. Jamaa zake waliendeleza ujenzi.

Angalia tarehe hizo vizuri. Kufikia 1453 Waislamu hawakuwa na chochote karibu na Coca. Toledo ilikuwa imechukuliwa tangu 1085, na ufalme wa mwisho wa Kiislamu, Granada, ulikuwa mbali kusini, ukaanguka 1492. Adui aliyemnyima askofu usingizi alikuwa bwana mkubwa wa jirani, Mkristo mwenzake, katika vurugu za kugombania kiti cha ufalme. Ngome nyingi maridadi za Castilla zilijengwa kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe.

Basi nakshi ilitoka wapi? Ilitoka kwa mafundi. Mji ulipochukuliwa na wafalme Wakristo, Waislamu wengi walibaki, wakilipa kodi, wakiswali, wakiendelea na kazi zao. Waliitwa *mudéjares*, neno la Kihispania lililotokana na Kiarabu *mudajjan*, lenye maana ya aliyeruhusiwa kubaki, na pia aliyefugwa. Neno lina dharau yake. Katika ujenzi ndio walioshika soko la matofali, lipu, mbao za dari na vigae. Hata jina la kazi yenyewe lilibaki la kwao: mwashi kwa Kihispania ni *albañil*, kutoka *al-banna*. Birika ni *aljibe*, kutoka *al-jubb*. Kasri la mfalme ni *alcázar*, kutoka *al-qasr*, na hapo wanafunzi wako wasihitaji kutafsiriwa, maana kasri letu limetoka mlango huohuo. Meya wa mji ni *alcalde*, na yeye ni ndugu wa kadhi wenu wa Mombasa.

Mafundi hao walipewa matofali na chokaa, si mawe ya kuchonga. Tofali halichongeki kwa urahisi, hivyo pambo linatokana na jinsi unavyolipanga: moja litokeze, moja lirudi ndani, safu moja ilale, nyingine isimame kwa pembe. Safu ya chokaa kati ya matofali waliiacha nene, karibu unene wa tofali lenyewe, ukuta ukawa na mistari ya rangi mbili. Juu ya minara walipanga matofali katika mifereji ya wima, jua la jioni likipiga, kivuli kinafanya kazi ya mchoraji. Ndani walipaka lipu na kuchora mistari ya pembe. Askofu hakuona ajabu yoyote katika hilo. Kwake ilikuwa mtindo wa kifahari wa nchi yake, kama tajiri wa leo anavyoagiza mlango wa nakshi wa Lamu bila kujiuliza fundi anaswali wapi.

Mapambo yasikufiche kazi, hata hivyo. Linganisha namna ngome mbili zinavyosimama. Gormaz iko juu, inaonekana kutoka mbali, ukuta wake ni mrefu na wazi. Wakati wake adui alikuwa na ngazi, njaa, na sururu za kuchimba chini ya msingi, na kilima kilimaliza nusu ya shida hizo. Kufikia wakati wa Coca kulikuwa na mizinga. Ukuta mrefu uliosimama wazi ndio shabaha bora kwa mzinga: tufe likipiga katikati, sehemu ya juu inaporomoka kwa uzito wake. Kwa hiyo wajenzi wa Coca walichimba handaki kavu, pana na refu kwenda chini, wakaiketisha ngome ndani yake. Ukiwa kwa mbali unaona sehemu ya juu tu. Miguu ya kuta imetanuliwa kwa mteremko ili tufe lidunde na msingi usichimbike, ukuta wa ndani unauchungulia wa nje kwa juu, na kuna matundu ya mviringo ya kupitishia midomo ya mizinga midogo.

Familia hiyo ilijua mizinga kwa pande zote mbili. Agosti 1520, wakati wa uasi wa miji ya Castilla, Antonio de Fonseca alikwenda Medina del Campo kudai mizinga ya kifalme iliyohifadhiwa pale, itumike dhidi ya Segovia. Wenyeji wakakataa. Moto uliowashwa katika vurumai hiyo uliteketeza sehemu kubwa ya mji.

Wewe unaishi karibu na hatua iliyofuata. Fort Jesus, iliyoanzishwa 1593, ni jibu kamili kwa mzinga: ukuta wa chini, mnene, wenye pembe zilizochomoza ili hakuna kona inayobaki bila kulindwa. Mchoraji wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano. Tena mwaka huo Ureno ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Hispania, Felipe wa Pili. Kwa hiyo mfalme ambaye Fort Jesus ilijengwa katika utawala wake ndiye aliyekuwa pia mfalme wa nchi ya Coca na Gormaz.

Hilo ndilo linaloweza kukurudisha darasani bila aibu. Una njia mbili. Unaweza kuwaambia tu kwamba jibu limegeuka, Coca ni ya Wakristo na Gormaz ni ya Waislamu. Ni haraka, na kwa mtihani wa kuchagua jibu inatosha, lakini kesho watakosea tena kwa ngome ya tatu. Njia ya pili, ambayo ningeichagua mimi, ni kuligawa swali "ni ya nani" vipande vitatu: nani alilipa, nani alishika mwiko, nani alilala ndani. Coca: askofu alilipa, mafundi wengi wa mtindo huo walikuwa Waislamu, waungwana Wakristo walilala. Gormaz: khalifa alilipa, waashi wa mkono wa Córdoba walijenga, na waliolala wamebadilika tangu 1060. Kisha wapeleke Fort Jesus waulize vivyo hivyo. Taji la Ureno lililipa, Mwitaliano alichora, na tangu 1698 Waomani walikaa. Mgeni ukimwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha Waomani chenye maandishi ya Kiarabu, ataapa kwamba ngome nzima ni ya Waarabu, kosa lilelile la kidato chako.

Ila usiifanye hadithi ya Coca kuwa ya watu walioishi kwa amani tu, ingawa inavutia kuisimulia hivyo. Mwaka 1502 amri ilitolewa Castilla: Waislamu wabatizwe au waondoke. Fundi kijana aliyepanga matofali ya Coca angeweza kuwa hai siku hiyo. Wazao wa waliobatizwa walifukuzwa Hispania nzima kati ya 1609 na 1614. Wanafunzi wa umri huo wanaweza kubeba habari zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu mafuta ya moto, wajibu kwa upole kwamba filamu zimetia chumvi. Mafuta yalikuwa chakula na taa, tena ghali. Kihispania huyaita *aceite*, kutoka *az-zayt*, na zeituni zetu ni za ukoo huo. Nani akiwa amezingirwa, hajui atakula nini mwezi ujao, amwage mtungi mzima kichwani mwa mtu mmoja? Mawe yalikuwepo bure na hayakuhitaji kuni. Maji yaliyochemka, mchanga uliopashwa moto na chokaa isiyozimwa vilifaa zaidi. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza vibaya, na kwenye ngome yoyote inayojengwa haikosekani.

Mwisho, mipaka ya picha. Mimi nimekujibu kwa yale yanayojulikana kuhusu ngome hizi, lakini usiniletee picha ya ukuta mmoja ukaniomba nikwambie umri wake. Coca ilipoteza nguzo za marumaru za ua wake katika karne ya 19, zikauzwa, na katika miaka ya 1950 ilikarabatiwa sana ili iwe shule ya misitu. Tofali unalolipenda pichani linaweza kuwa la 1480 au la juzi. Kutofautisha kunataka mtu asimame pale, aguse chokaa, aangalie mshono kati ya kazi ya zamani na mpya, na wakati mwingine kipande kipelekwe maabara. Kama mwanafunzi wako yeyote anataka kwenda mbali na jambo hili, mkutanishe ana kwa ana na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Fort Jesus. Wanajua kusoma ukuta, na somo linaanza vizuri zaidi kwa ukuta unaoweza kuugusa.

Kaka yako naye akirudi Gormaz, mwombe asimame chini ya lile lango la kusini apigwe picha, ili darasa lione ukubwa wake kwa kipimo cha mtu. Avae koti, upepo wa kule juu si wa mchezo, na asipande ukutani kutafuta picha nzuri zaidi.